Mwaka Niliougua kwa Kuigiza

Fomu aliyonitumia Cherono ina maswali manne, na chini ya kila swali kuna kisanduku kinachotosha sentensi mbili za mtu mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko wangu si mzuri. Niliacha shule kidato cha pili, Tanga, na tangu hapo nimeandika majina ya watu kwenye maboksi kuliko kitu kingine chochote. Chuo kimoja cha uuguzi hapa London, kile kile cha mwaka ule, kinataka kuandika upya somo lake la afya ya jamii za asili, na kinataka kujua pia namna ya kuwashika mkono wanafunzi wanaotoka katika jamii hizo. Cherono yumo kwenye kamati. Alinipigia simu kabla fomu haijafika. "Dada Saumu, wewe ndiye ulikuwa pale. Wengine wamestaafu ama wamekufa. Wewe andika tu vile ilikuwa." Nikamwambia nimezeeka, nimechoka, na goti linanisumbua. Akasema, "Kwani unaandika ukiwa umesimama?" Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake Stanmore kuirudisha ile fomu ikiwa tupu, na yaliyotokea huko ndiyo yaliyonifanya nikae leo na daftari la kawaida, lisilo na visanduku.

Habari za wazazi wangu, na za jinsi nilivyofika Uingereza, nitaziruka. Si za ajabu, na nilikwishachoka kuzieleza kwa maofisa wa uhamiaji. Itoshe kusema kwamba nilipofika miaka ishirini na tisa nilikuwa nimefanya kazi nyingi kuliko vidole vyangu. Nilifunga mizigo kwenye ghala Edmonton, nikasafisha ofisi Harrow, nikapiga pasi Stanmore kwa familia ya Kihindi iliyotoka Kampala, ambako mama mwenye nyumba alinisemesha Kiswahili cha jikoni cha zamani, "lete hii, ondoa ile," kisha akinimiminia chai anauliza habari za Afrika kama anauliza habari za dada yake waliyekosana. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaelewa mashine inavyofunga boksi, basi, miguu inaanza kuwasha. Watu waliniita mzururaji, na sikubisha. Siku moja nikaona tangazo kwenye ubao wa maktaba ya mtaa: chuo cha uuguzi kinatafuta watu wa kuigiza ugonjwa ili wanafunzi wajifunze kwao. Nilirudi kulisoma mara tatu. Nilidhani ni mzaha.

Aliyenipokea alikuwa mhadhiri mmoja mrefu, Mama Whitcombe, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, sweta lake limeshonwa viwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Aliniuliza kama naweza kulia. Nikasema naweza, lakini si kwa kuamriwa. Akacheka, akaniandikisha. Wodi ya mazoezi ilikuwa ghorofa ya tatu, vitanda sita, vinne vimelalwa na midoli ya mpira yenye midomo wazi, viwili ni vya sisi wenye roho. Palinuka mpira na dawa ya kung'arishia sakafu. Asubuhi napewa kikaratasi cha ugonjwa wangu: leo una kifua, leo una kisukari na hutaki kusema kwamba huli vizuri, leo mumeo amekufa wiki iliyopita na umekuja kwa sababu ya mguu. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia, dakika nane, kengele, anatoka. Mwisho najaza kadi: je, mwanafunzi huyu alikufanya ujisikie umesikilizwa? Moja mpaka tano. Nilikuwa sijawahi katika maisha yangu kulala kitandani mchana, watu wenye nguo safi wakipanga foleni kuniuliza najisikiaje.

Lakini si hilo lililonishika. Mama Whitcombe alinikuta siku moja, baada ya kazi, nimesimama mbele ya picha ya figo ukutani, nafuata mishipa kwa kidole. Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia. Hakunionea huruma, na hilo nitamkumbukia. Wiki iliyofuata akanipa kadi ya maktaba ya chuo, na ruhusa ya kuketi safu ya nyuma kwenye mihadhara yoyote niliyotaka, mradi nisiulize maswali mpaka wanafunzi wamalize yao. Mtu aliyesoma hatanielewa hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikujua kwamba ini lina kazi nyingine zaidi ya kukaangwa na vitunguu. Nilisoma mapafu kwenye basi. Nilisoma vidonda nikila. Kile kikadi chenye picha yangu nilikiweka ndani ya pasipoti, na kama nyumba ingeungua sijui ningeanza kuokoa kipi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Rukia, mama wa Kipemba aliyekuja zamani kwa sababu alizozijua mwenyewe na ambazo alizizungumza kwa simu tu, mlango umefungwa, sauti juu, sote tukisikia. Ilikuwa nyumba ya safu, Edmonton, nyembamba, treni zikipita nyuma ya ua na kutikisa vikombe kabatini. Chumba changu kilikuwa cha juu, upande wa reli. Kilikuwa na vitanda viwili, kabati katikati kama mpaka wa nchi, na ukuta mmoja uliotokwa jasho mwaka mzima. Mwezi wa tisa Bi Rukia akaniambia kitanda cha pili kimepata mtu, msichana wa Kikenya anayesomea unesi. "Mpole," akasema. "Mpole mpaka naogopa. Kanisalimia kisha akakaa. Nangoja aseme, hasemi. Nikampa uji."

Huyo ndiye Cherono. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Alifungua sanduku lake akatoa nguo chache, Biblia, na chupa ya plastiki yenye asali nyeusi iliyojaa vipande vya nta. Akaniambia ni Mwogiek, wa jamii ndogo ya warina asali wa msitu wa Mau, na nilipomwuliza maswali kumi kwa mpigo, kama kawaida yangu, alijibu moja na kusubiri mengine yapoe. Bi Rukia aliionja asali ile kwa mkate wa kumimina, akafumba macho. "Hii imepita kwenye moshi," alisema. Cherono akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jioni zile tulikula mezani jikoni sote watatu: muhogo wa nazi, muhogo wenyewe wa kugandishwa kutoka duka la Mkongo, au ugali wa Cherono na majani ya kabichi ya Kizungu aliyoyakata nyembamba kama nyuzi. Bi Rukia akimtania, "Chero, mwanangu, huu ugali au tofali?" naye akijibu polepole, baada ya kutafuna na kumeza, "Bi Rukia, si umeomba kuongezwa?"

Kwa kuwa nilikuwa na ruhusa ya safu ya nyuma, nilikuwepo siku ya somo la utamaduni na afya. Walitugawia kitini. Ukurasa wa thelathini na nne ulikuwa na kichwa kilichosema jamii za asili, na jamii zote za asili za dunia zilikuwa zimepangwa katika ukurasa huo mmoja, wa Australia, wa Kanada, wa kwetu, na picha ya Wamasai wanaoruka, picha iliyonakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zao zimekuwa madoa. Chini yake palikuwa na orodha. Wanaamini ugonjwa hutokana na mizimu. Wanapenda kuwa na jamaa karibu. Hawatazami machoni, kwa hiyo usidhani wanakudharau. Mama Whitcombe, kwa nia njema kabisa, akamgeukia Cherono akamwomba aliambie darasa kwao ikoje. Wanafunzi wote wakageuka. Nilimwona Cherono anaikunja ile karatasi, anaikunjua. Mwishowe akasema, kwa Kiingereza chake cha kunyooka, kwamba kwao watu huumwa meno. Na barabara ikijaa matope hawafiki hospitali. Na walipotolewa msituni waliacha na dawa zao, maana mti haubebeki. Akaketi. Mtu mmoja mbele akaandika, "meno." Tulipotoka nikamwambia amesema vizuri. "Mimi ni ukurasa wa thelathini na nne, dada," akanijibu. "Nusu yake, hata. Nusu nyingine ni Masai."

Sasa nafika mahali ambapo fomu ya Cherono inauliza: eleza changamoto moja. Mtihani wa vitendo ulikuwa kabla ya likizo ya Krismasi. Aliyeshindwa alipewa nafasi moja ya kurudia, na aliyeshindwa tena alitoka chuoni, na kwa mtu wa visa kama Cherono, kutoka chuoni kulikuwa ni kutoka nchini. Wiki moja kabla, Mama Whitcombe alituita sisi wagonjwa wa kuigiza, tulikuwa wanne, akasema ameona kwamba baadhi yetu tunawapendelea watu wa kwetu katika alama. Hakunitazama aliposema. Hakuhitaji, maana wenzangu walikuwa Waingereza watatu wastaafu, na mmoja wao alikuwa amezoea kutoa mbili kwa kila mtu kama anatoa sadaka. Nilipaswa kusema pale pale kwamba nalala chumba kimoja na mwanafunzi mmoja. Nilifumba mdomo. Nilifikiria kadi ya maktaba.

Ugonjwa wangu siku ile ulikuwa kifua. Wanafunzi wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja na tabasamu lile lile, kila mmoja akitaja jina lake na kunikazia macho kama anataka kunipiga picha. Naitwa fulani, ungependa nikuite nani, maumivu yako ni ngapi kutoka sifuri mpaka kumi? Niliitikia mpaka koo likakauka. Kisha akaingia Cherono. Alinawa mikono. Akavuta kiti, akaketi karibu na bega langu, siyo mbele yangu, akaweka viganja juu ya magoti, akatazama blanketi. Hakusema kitu. Mtahini pembeni akatazama saa. Mimi nilijua anafanya nini, maana aliwahi kunieleza. Bibi yake alikuwa ndiye anayeitwa mtu akianguka kutoka mtini wakati wa kurina asali. Bibi hamgusi aliyeanguka, hamwulizi, mpaka ameketi na pumzi zao zimelingana. Ukimwuliza mtu kabla ya hapo, anakujibu hofu yake, hakujibu mwili wake. "Si Waogiek wote," alikuwa amenionya. "Ni nyanya yangu. Ukienda kusimulia watu, sema ni nyanya yake Cherono." Na pale kitandani, mimi niliyekuwa naigiza, nikahisi kifua changu kweli kinashuka. Nilikuwa nimelala pale tangu saa mbili asubuhi na hakuna mtu aliyekuwa amenifikia. Dakika mbili nzima zikapita. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Inauma wapi?" na akaweka mkono pale pale palipoandikwa kwenye kikaratasi changu. Alipima presha, alipima joto, kila kitu sawa. Kengele ikalia kabla hajamaliza maswali.

Pazia likavutwa nibaki peke yangu nijaze kadi. Nyuma ya pazia nikawasikia. Mtahini alisema huyu ana mikono mizuri, lakini haongei, hamtazami mgonjwa. Mama Whitcombe akasema kitu juu ya utamaduni. Mtahini akasema utamaduni haumo kwenye fomu yake. Kwenye fomu yake kuna kutazama machoni na kuna kujitambulisha, na vyote viwili hakuvifanya. Halafu Mama Whitcombe akasema, basi tungoje kadi ya mgonjwa, hiyo ndiyo itakayoamua. Kadi ilikuwa juu ya tumbo langu, inapanda na kushuka. Ule ukurasa wa thelathini na nne ulikuwa unajua asichofanya Cherono na kwa nini, lakini fomu ilikuwa haijausoma. Nami niliyeusoma, nami niliyelala pale nikiwa nimetulizwa kama mtoto, nilifikiri: wakigundua tunakaa nyumba moja, na nimempa tano, nimekwisha. Nikaandika mbili. Niliikoleza ile namba mara mbili, ionekane sikusita.

Cherono alirudi nyumbani siku matokeo yalipotoka akaketi kitandani kwake na koti mwilini. Bi Rukia akamletea chai akaiweka sakafuni, akaondoka. Nilimwambia Cherono, "Mimi nilikupa nne. Ni wao waliokuangusha. Ni yule Whitcombe." Maneno yalitoka laini, kama yalikuwa yamepangwa mlangoni yakisubiri. Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya kusaidia wanafunzi. Walimpa kijitabu cha jinsi ya kuzungumza kwa kujiamini, na miadi ya kuonana na mshauri ambayo tarehe yake ilikuwa baada ya mtihani wa marudio. Walimwuliza kama ana jamii yake hapa London. "Nikawaambia ndiyo, iko," alinisimulia akikoroga ugali. "Wakauliza, wako wangapi? Nikasema, mimi." Alikuwa amejaribu kanisa la Wakenya pia. Huko mama mmoja alimshika mkono kwa furaha akamwuliza, "Kwani nyinyi bado mko?"

Nilijitolea kumfundisha. Nani alijua fomu ile kuliko mimi? Wiki tatu nzima, kila alasiri, chumba cha mbele cha Bi Rukia kikawa wodi. Saa ya kuchemshia mayai ikawa kengele. Bi Rukia akawa mgonjwa, amejilaza kwenye kochi na kanga, miguu juu ya mto.

"Naitwa Cherono, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Ungependa nikuite nani?"

"Uniite Bi Rukia, kama siku zote. Na shikamoo yangu umeiacha wapi?"

"Bi Rukia, usimharibie," nikasema.

"Simharibii. Mtu anaingia kwangu ananiuliza jina! Haya. Shikamoo tumesamehe."

"Maumivu yako ni ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi?"

"Kumi na mbili. Goti hili nimetoka nalo Wete."

Tulicheka mpaka saa ya mayai ikalia bila kusikika. Lakini kicheko kikiisha kazi ilibaki, na ilikuwa kazi ya kuchosha, kama kumzoeza mtu wa mkono wa kulia aandike kwa wa kushoto. Mtazame, nilimwambia. Akasema, "Nikitazama mtu mzima kwa macho nahisi kama naingia kwake bila hodi." Nikampa hila: usitazame macho, tazama katikati ya nyusi, hakuna atakayejua. Usiketi kwanza, sema kwanza, ukisema utaketi. Kimya kisizidi kuvuta pumzi moja. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Siku ya nane alifanya yote bila kosa, na Bi Rukia, badala ya kupiga makofi, alivuta kanga yake akasema, "Hongera, mwanangu. Sasa umekuwa kama wao." Treni ikapita, vikombe vikatikisika.

Akafaulu. Mgonjwa wake alikuwa yule mstaafu wa alama mbili, naye alimpa tano. Nilifurahi kwa namna ya mtu aliyevunja sahani ya watu kisha akaigundisha. Mwezi wa pili nikaugua, safari hii kweli. Homa, kifua, usingizi uliojaa midoli ya mpira. Nilimsikia Cherono akipanda ngazi saa kumi alasiri, katoka wodini, viatu vyake vyeupe. Kando ya kitanda changu kulikuwa na kiti, na juu yake suruali yangu. Nilingoja. Nakiri niliingoja sauti ya kile kiti kuvutwa kuliko nilivyongoja dawa. Cherono alisimama miguuni pa kitanda. Akanitazama katikati ya nyusi.

"Maumivu ni ngapi, dada Saumu? Sifuri mpaka kumi."

"Saba," nikasema.

Akanipima joto, akahesabu mapigo akitazama saa, akanipa vidonge viwili na maji, akaniambia akirudi atanipima tena. Hakukosea hata kitu kimoja. Ningekuwa na kadi ningelazimika kumpa tano. Alipotoka nililala nikikitazama kile kiti chenye suruali, na nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba nimeng'oa kitu kwa mtu ambacho sitaweza kukirudisha. Nilipopona nikarudisha kadi ya maktaba kwa Mama Whitcombe, nikamwambia nimepata kazi Glasgow. Sikuwa nimepata. Alisikitika, akanipa kitabu kimoja cha anatomia kilichochakaa, ninacho hadi leo. Nilikuwa najiambia kwamba ni miguu tu imeanza kuwasha.

Miaka imepita mingi. Bi Rukia alizikwa, Mama Whitcombe alizikwa, nimezunguka na kurudi London na goti la kumi na mbili langu mwenyewe. Cherono amekuwa mkubwa hospitalini, ana wodi mbili chini yake, nyumba Stanmore, na binti anayeelewa kila tunachosema na kutujibu kwa Kiingereza. Jumamosi ile alinikaribisha chai na maandazi ya dukani. Akanieleza kamati imefika wapi. Kutoka ukurasa mmoja wamekubali kurasa sita. Kutakuwa na mtu wa kuwapokea wanafunzi kama yeye, mtu halisi, si kijitabu. Wanabishana juu ya fomu za mtihani. Mmoja amependekeza kiongezwe kisanduku kipya: je, mwanafunzi alikaa kimya na mgonjwa kwa muda wa kutosha? Moja mpaka tano. "Nimewaambia wakiweka hicho natoka," alisema. "Watakaa wakihesabu sekunde." Alisugua macho. Nilimwona amechoka kama mimi, uchovu wa mtu aliyesukuma mlango mmoja maisha yake yote na sasa anaambiwa ulikuwa wa kuvuta. Kisha akaisogeza fomu yangu tupu mezani.

"Swali la tatu ndilo nataka. Mimi nitaandika vile mwanafunzi alihisi. Wewe ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa alihisi nini?"

Ningeweza kusema, alihisi ametulia, na kuishia hapo, ingekuwa kweli. "Cherono," nikasema, "sikukupa nne."

Alikata andazi katikati. "Ulinipa mbili. Kwa barua ya matokeo walikuwa wameandika. Alama ya mgonjwa, mbili. Nilikuwa nayo kwa mfuko wa koti nikikusikiliza."

Nikauliza, kama mjinga, kwa nini hakunena kitu.

"Ningesema ungehama. Wewe si mtu wa kukaa. Na mimi nilihitaji mtu anajua ile fomu."

Binti yake alipita ukumbini akiongea na simu, akacheka, mlango ukafungwa. Nikamwambia Cherono kilichonisumbua kuliko zile mbili. Nikamwambia habari ya homa, ya kile kiti, kwamba nilimfundisha mpaka nikamwondolea cha bibi yake, na kwamba nimekibeba hicho Glasgow na kwingine kote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitazama machoni wala katikati ya nyusi. Alitazama kitambaa cha meza.

"Hukuniondolea kitu," akasema. "Nimekaa hivyo na wagonjwa wangu miaka yote, watahini wakishatoka. Siku ile kiti nilikiona. Niliona na suruali yako. Nilikunyima."

Chai yangu ilikuwa mkononi na sikuweza kuinywa wala kuiweka chini. Sikutafuta neno, maana kila nililolijua lilikuwa la fomu. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Kisha nikasikia kiti kikiburuzwa. Cherono alikizungusha meza mpaka begani pangu, si mbele yangu, akaketi, akaweka viganja juu ya magoti. Mikono ya mwanamke mzima sasa, imekauka kwa sabuni za hospitali. Hakuuliza kitu. Nilisikiliza pumzi yake nikitaka yangu iifuate, lakini yake ilikuwa ya haraka, bado ina hasira, na yangu ilikuwa fupi. Tulikaa. Ilituchukua muda mrefu.